Daktari amesema mzima, moyo haukubali

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, nasomesha chuo cha Qur'ani hapa Langoni, Lamu. Tangu shangazi yangu afariki kwa saratani ya matiti sina raha. Kutwa najipapasa nikitafuta uvimbe. Nimepimwa hapa mara mbili, kisha nikavuka Mokowe nikapanda basi hadi Mombasa nikapigwa picha. Wote wameniambia niko salama. Natulia siku mbili, hofu inarudi. Usiku nasoma dalili kwenye simu hadi adhana ya alfajiri. Swala ya Isha huirudia, kwa kuwa akili yangu iko kifuani. Mume wangu asema ni upungufu wa imani, jirani asema ni jini, nikazinguliwe, yaani nisomewe litoke. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu, pole kwa msiba wa shangazi. Mumeo hilo la imani amekosea, na umsomee haya. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kuomba kinga ya hamu, yaani fadhaa ya moyo, na huzuni, kama alivyopokea Bukhari. Ingekuwa muumini hapatwi na hamu, dua hiyo isingekuwa na haja.

Wewe mwenyewe unawasomesha watoto kwamba mwenye udhu akishuku kuwa umemtoka, asiondoke kwenye swala mpaka asikie sauti au anuse harufu. Wanavyuoni wakaijengea kanuni: yakini haiondolewi na shaka. Ulipopimwa ukaambiwa u mzima, hilo ndilo la kushika. Utaniambia majibu ya hospitali si yakini kamili. Kweli, lakini sheria yetu hutenda kwa dhana yenye nguvu, na ya madaktari waliokupima ina nguvu kuliko inayokujia saa nane za usiku chini ya chandarua.

Kuuliza ni amri: “Waulizeni wenye kujua, ikiwa hamjui.” Umeuliza, umejibiwa. Sasa rejea kisa cha ng'ombe katika Suratul Baqara. Bani Israil waliamrishwa wachinje ng'ombe, basi. Wakauliza umri wake. Wakauliza rangi yake. Wakauliza tena, wakidai ng'ombe wamewatatiza. Kila jibu liliwabana zaidi, wakamchinja, na walikaribia wasifanye. Kila nikiisoma aya hiyo nawakumbuka watu wenye hali kama yako, kwa sababu swali la pili la wasiwasi halitafuti elimu, linatafuta utulivu, na utulivu wa namna hiyo haukai.

Angalia na mwili wenyewe. Nyama ikibinywa mara kumi kwa siku huuma. Ukisikia maumivu wasema hiyo ndiyo dalili, ukabinya tena. Mimi nilipomzika ndugu yangu aliyeanguka ghafla kwa moyo, nilikaa miezi nikiweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono nahesabu mapigo, hata nikiwa juu ya mimbari. Na moyo ukihesabiwa kwa hofu huenda mbio, nami nikazidi kuogopa. Kilichonisaidia ni kuushika mkono usiende pale, kwa uzito, siku baada ya siku. Siku za mwanzo hofu ilizidi, kisha ikaanza kushuka yenyewe.

Basi kaa na daktari mmoja, si watatu, akupangie lini ujikague na lini urudi. Wengi huambiwa mara moja kwa mwezi, baada ya hedhi. Nje ya hapo mkono uache. Likitokea jambo jipya ambalo hukuwa nalo, nenda, hilo si wasiwasi. Simu ilale chumba kingine. Na umwambie daktari kuhusu hofu yenyewe, kama unavyomwambia kuhusu homa. Yapo matibabu ya mazungumzo, na kwa wengine vidonge, na watu wanapona. Mtume (s.a.w.) amesema tafuteni dawa, na hakuibagua hofu.

Kuhusu jini, sikuoni na dalili yake. Nakuona na msiba. Kusomewa Qur'ani ni kheri, na kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zaafarani, wazee wetu wamelinywa. Lakini atakayekwambia uache hospitali, mkimbie. Jihadhari pia na hili: usisome Ayatul Kursi mara sabini ukingoja hofu ikatike. Ukifanya hivyo umehamisha kujipapasa kutoka kifuani hadi ulimini. Soma adhkari zako za asubuhi na jioni kwa idadi iliyopokewa, pamoja na “Allahumma aafini fii badanii” (Ewe Mola, nipe afya mwilini mwangu) mara tatu, kisha simama ukawapikie watoto chai, hofu ikiwa ipo au haipo.

Na Isha unazozirudia, mwanangu, zilikuwa sahihi. Mawazo hayabatilishi swala. Usiku wa leo ukitoa salamu, kunja msala ulale.

Wallahu aalam.