Kwa nyinyi mnaoanza kufuatilia tai mwenye taji hapa msitu wa Karura, Nairobi

Wengi wenu mkija atachmenti (mafunzo ya kazini) mnaingia msituni na binokula mpya, alafu mnaanza kutazama juu siku nzima mpaka shingo inauma na hamjaona kitu. Huyu si tai wa mbuga. Mabawa yake ni mafupi na mapana, mkia mrefu, ameumbwa kupenya katikati ya miti, na akiwinda anakaa tu kimya kwa tawi akingoja, unaeza pita chini yake usijue.

Anzeni na masikio. Kima wakipiga ile kelele ya hatari na wote wamekodoa macho upande mmoja, simama hapo hapo, manake hao ndio chakula chake, wao na perere na suni (yule paa mdogo), na wanamjua kuliko sisi. Asubuhi jua likishapanda sikilizeni pia dume, anapaa juu sana anashuka anapanda tena, akiita bila kuchoka.

Mkionyeshwa mti wa kiota angalieni chini kwanza, mavi meupe kwa majani, manyoya, mifupa. Fuvu la kima mdogo litazame vizuri, utaona tundu za kucha na mikwaruzo ndani ya mashimo ya macho. Msidharau hizo alama, ni kama hizo zilizomfanya mtafiti wa mabaki ya kale Lee Berger mwaka 2006 aseme yule mtoto wa Taung kule Afrika Kusini, fuvu la jamaa wa kale wa binadamu wa zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, aliuawa na tai. Piga picha na rula kando, andika tarehe, uache hapo kama huna kibali cha kuchukua.

Kinda akitoka kiotani kichwa na kifua ni vyeupe, kila mwaka kuna mtu anaandika ni yule tai mkubwa wa savana. Angalia miguu! Wetu ana madoadoa meusi miguuni, yule mwingine miguu yake ni myeupe tupu.

Sasa hii ndio naomba muishike sana. Jike anataga yai 1 au 2, anaatamia kama siku 49, makinda yakiwa mawili mkubwa anamuua mdogo, na huyo mmoja akishajua kuruka bado anaitisha chakula kwa wazazi miezi 9 hadi 11, so jozi kwa kawaida inazaa mara moja tu kila miaka miwili. Mkiwasumbua wakaacha yai, hiyo ni miaka miwili imeenda, na ndege mwenyewe tangu 2012 ameorodheshwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka. Kaeni mbali na mti, jike mwenye kinda anaeza shambulia hata mtu. Nyi mnakaa miezi mitatu tu, hamtaona mzunguko wote, kwa hivyo andikeni maelezo ambayo mwenzenu atakayekuja nyuma ataelewa. Na zimeni lokesheni kwa simu kabla ya kupiga picha ya kiota.