Ulimsalimia lini mara ya mwisho? Maswali yenu ya mwezi huu

Maswali yamekuja mengi, nimechukua matano juu yanagusa jambo moja, vile tunakaa na watu wetu bila kuwakumbuka siku ya shida peke yake. Wacha nianze.

Nilimaliza diploma ya umeme 2023. Atachimenti nilifanya kwa kampuni moja hapa Nakuru na fundi mkuu alinipenda sana, lakini tangu nitoke sijawahi kumpigia. Sasa natafuta kazi na naona aibu, atasema nimemkumbuka juu ya shida. – Free Area, Nakuru

Ndugu yangu, mtafute. Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka wa 1973 aliandika juu ya hii kitu, aliuliza wanaume wa mji mmoja karibu na Boston waliopata kazi kupitia mtu wanamjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Kama 17 tu kwa kila 100 ndio walisema mara kwa mara. Wengine wote ni watu wa kuonana mara moja moja, wengine hata mwaka unaisha hawajaonana. Na ukifikiria ni kweli, marafiki zako wa Free Area mnasikia habari zilezile, kazi ikitokea mnaijua wote siku moja, lakini yule fundi anasikia ya Naivasha, anasikia ya kule Olkaria kwenye visima vya mvuke, mahali nyinyi hamfiki.

Sasa vile utaandika ndio muhimu. Usianze na kazi. Anza na ukweli: "Habari mkubwa, ni yule kijana wa atachimenti wa 2023. Samahani nilinyamaza sana. Wiki jana nilikuwa naweka waya kwa nyumba fulani nikakumbuka vile ulikuwa unatuambia tesita kwanza, mkono baadaye." Kama hiyo haikutokea usiiandike, tafuta ile ilitokea. Kisha ngoja. Akijibu, muulize kazi ziko aje siku hizi na wewe ungefaa kujifunza nini, atajua unatafuta, hana haja ya kuambiwa mara mbili. Na hata akikosa nafasi, mwezi ujao msalimie tena bila ombi.

Kila wiki naongezwa kwa grupu za michango WhatsApp, matanga, hospitali, karo, harusi. Nauza mitumba Kibuye na pesa ni kidogo. Nikitoka nachukiwa, nikikaa natajwa jina. Nitabaki bila marafiki? – Manyatta, Kisumu

Dada, hili swali limenikaa rohoni kuliko yote.

Mamangu, huko Vihiga, alikuwa na daftari la matanga. Lile la kurasa 96, kava ya buluu, kalamu imefungwa na uzi ili isipotee. Wakati huo M-Pesa ilikuwa haijakuja, ilianza 2007, kwa hivyo mchango ulikuwa unaonekana na macho. Tulipomzika baba aliandika kila mtu, na hakuandika pesa peke yake. Shilingi 50. Mahindi gorogoro 2. Kuni mzigo 1. Alichota maji. Halafu kuna mstari mmoja wa jirani ambaye hakuwa na kitu kabisa, mama ameandika tu "alilala siku 3", maana alikaa na sisi pale motoni mpaka asubuhi, siku tatu. Miaka mingi baadaye huyo jirani akapata msiba wake na mama alikuwa wa kwanza kufika, hata kabla ya hema. Wale wa pesa nyingi alikuwa anawashukuru pia, lakini huyu alikuwa anamtaja kwa sauti ingine.

Simu imetuachia ule mstari wa pesa tu, ile mingine imefutika, na hapo ndipo naona tumepotea kidogo. Kwa hivyo fanya hivi: amua kwa mwezi unaweza kutoa ngapi, hata kama ni 500, ikiisha imeisha. Kwa mtu wa karibu, usipotuma kitu mpigie yeye mwenyewe, sio kwa grupu, mwambie "mama, wiki hii sina, lakini Alhamisi nakuja kuosha vyombo". Na uende kweli. Kama hata nafasi ya matanga hukupata, nenda wiki ya tatu, hema zishachukuliwa, wageni washapanda matatu, mtu amebaki na sufuria zake na ule ukimya. Beba nusu kilo ya sukari ukae naye. Zile grupu za watu huwajui hata sura, toka, usiogope.

Rafiki yangu wa shule alikopa 4,000, miezi minane sasa. Akiniona town anavuka barabara. Pesa nimesamehe, ni yeye namtaka. – Kakamega

Yeye hajui umesamehe! Msamaha umekaa kwa roho yako peke yako. Mtumie leo: "ile pesa wacha kabisa, nataka tukunywe chai." Akija usiitaje tena, hata kwa mzaha. Siku ingine akikuomba, mpe ile unaweza kumpa tu bure.

Nililetwa kazi Kisumu kutoka Machakos. Ofisini wote wanaongea Kijaluo, lunch nakaa na simu yangu. Ni kama wananibagua. – Milimani, Kisumu

Pole, najua vile hiyo inauma, kucheka kunatokea na wewe hujui kumetoka wapi. Tutenganishe vitu viwili. Mkutano wa kazi uwe kwa lugha wote mnaelewa, hiyo ni haki yako, iseme kwa upole lakini iseme. Lunch ni tofauti, hapo watu wako nyumbani kwao. Weka simu mfukoni. Asubuhi sema oyawore, ukipewa kitu sema erokamano, utakosea na watacheka, cheka nao. Halafu mwombe mmoja wao, mmoja tu, akupeleke Dunga akufundishe kuchagua samaki, afungue pale shingoni akuonyeshe kama ndani bado ni kwekundu. Mtu akishakufundisha kitu cha kwao anakuwa mwenyeji wako, na Jumatatu atakuitia kiti.

Rafiki yangu wa dhati yuko Qatar mwaka wa pili, anafanya kazi za nyumba. Siku hizi ni "niaje", "poa", basi. – Busia

Anachoka, usidhani amekusahau. Na saa zao ni sawa na zetu, saa tatu usiku kwako ni saa tatu kwake, kwa hivyo muulize saa gani huwa anapumzika. Acha kumuuliza habari, mpelekee habari. Mimi nina rafiki huko Ghuba, siku moja nilimrekodia mvua ikigonga mabati, na nyuma watoto wanapiga kelele wakianua nguo, sikuongea kitu. Alikaa siku mbili, kisha akanitumia sauti ya dakika saba, ameanza na kuuliza kama ule mwembe wa kwa chifu bado unazaa.