Wikendi nayo ina wagonjwa

Umeuliza kama wodi ya majeruhi inaweza kuwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na mazoezi) Jumatatu hadi Ijumaa tu. Hapana, jamani. Mzee aliyevunjika nyonga akafanyiwa upasuaji Ijumaa anatakiwa ainuliwe asimame kesho yake. Akilala mpaka Jumatatu kifua kinajaa, misuli inalegea, vidonda vya mgandamizo, vile vya kulalia upande mmoja muda mrefu, vinaanza. Mkiwa wachache, punguzeni kliniki ya wagonjwa wa nje, si zamu ya wikendi. Aliyevunjika mbavu apewe kwanza dawa ya maumivu, ikishafanya kazi ndipo mumfundishe kukohoa akiwa amekumbatia mto. Na daktari wa upasuaji aandike wazi kwenye faili: mguu ukanyage au usikanyage? Asubuhi nyingi hupotea kwa kumtafuta aulizwe hilo tu.