Maswali ya Wasomaji: Mvumo wa Kumlaza Mtoto, Punda na Stima Ikikatika

*Assalaam alaikum. Mwanangu ana wiki sita. Tunakaa Langoni, Lamu, na ukuta wa chumba chetu ndio ukuta wa kichochoro. Punda hawaishi kupita. Mtoto hulala dakika kumi, punda mmoja akilia, anashtuka na kilio juu. Nimeambiwa nimwekee ile sauti ya "shhh" ya kwenye simu. Niiweke wapi, na kwa nguvu gani?*
Mama wa Mmoja, Langoni

Wa alaikumu salaam, Mama. Wataalamu huiita kelele nyeupe, kwa kuwa imechanganya sauti nene na nyembamba zote pamoja, kama mwanga mweupe unavyochanganya rangi. Sisi tutaiita mvumo, neno lililokuwapo kabla ya simu.

Kinachomwamsha mwanao ni ile tofauti: chumba kimya, mara punda. Mvumo huujaza ule ukimya, hivyo mlio ukija hautokezi sana juu ya kilichopo. Mwaka 1990 watafiti wa London waliwajaribu watoto 40 wa siku mbili hadi saba tangu kuzaliwa. Kati ya 20 waliosikilizishwa mvumo, 16 walilala ndani ya dakika tano. Kati ya 20 wasiosikilizishwa, walilala watano.

Kwa hiyo chagua sauti isiyopanda wala kushuka. Wengi hukimbilia sauti ya mawimbi, na hapa kwetu ingeonekana ndiyo yenyewe, lakini wimbi hupiga likarudi, na katika ule upenyo wa kurudi ndimo punda anamopita. Mvua ya mfululizo isiyo na radi, au mvumo mtupu, ni bora zaidi.

Mahali: angalau mita 2 kutoka kichwa cha mtoto. Huna futi kamba? Nyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: hiyo ni pima moja, kama mita 1.8. Ongeza shubiri moja, au mbili hadi tatu kama wewe ni mfupi, umefika. Usiiweke simu kitandani, usiifunge kwenye chandarua, wala usiiache juu ya kabati inapoweza kumwangukia. Ikiwa chumba ni kidogo, iweke upande wa ukuta wa kichochoro, mtoto alale upande wa pili. Mvumo utakuwa kati yake na punda.

Nguvu irekebishwe mtoto akiwa hayumo kitandani, wala si wakati analia, maana hapo mkono hupandisha tu. Weka sikio lako pale kitakapokuwa kichwa chake na uongee na mtu aliye karibu kwa sauti ya kawaida. Ukilazimika kupaza sauti hata kidogo, punguza. Kiwango cha kutovuka ni desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ambacho ndicho kikomo kilichopendekezwa kwa vyumba vya watoto wachanga hospitalini. Fikiria manyunyu juu ya makuti. Mvua juu ya bati imeshapita kiasi. Programu za simu za kupima sauti zipo za bure, ila hukosea kwa desibeli kadhaa, kwa hiyo lenga 45 badala ya kuigusa 50.

Umbali una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Kutoka sentimita 30 hadi mita 2 unapoteza kama desibeli 16. Ndani ya chumba cha kuta za mawe hutapata punguzo lote hilo, kwa sababu kuta huirudisha sauti, na ndiyo sababu ya kupima kichwani pa mtoto badala ya kukisia ukiwa mlangoni.

Utaratibu uwe huu. Mnyonyeshe, mcheulishe, mbadilishe nepi, kisha washa mvumo na umlaze akiwa anasinzia lakini hajapotea. Alale chali, juu ya godoro gumu lisilobonyea, bila mto wala mashuka ya kujazajaza. Mtoto mchanga huanza na usingizi mwepesi: macho yanachezacheza, pumzi hazilingani. Baada ya dakika 20 hivi, inua mkono wake kidogo kisha uachie. Ukianguka kama kamba iliyolegea, usingizi umeshika, na hapo unaweza kupunguza mvumo taratibu hadi uzime ikiwa kichochoro kimetulia. Uwashe tena kabla ya pilikapilika za alfajiri kuanza, tena kwa kuupandisha polepole.

Usijaribu kushindana na kipaza sauti cha msikiti au jenereta ya jirani. Kuufunika mlio kama huo kutahitaji mvumo wenye madhara kuliko mlio wenyewe. Kama kuna chumba cha ndani zaidi, mhamishie huko. Na kama analia kwa njaa au kwa chango, mvumo haumshibishi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la 38 au zaidi ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama mvumo umemnyamazisha.

*Sisi tuko Maweni, Malindi. Feni ndiyo inayomlaza binti yetu wa miezi minne. Stima ikikatika, feni inazima, naye huyo macho. Tukajaribu video ya mvumo ya mtandaoni yenye urefu wa saa nane; usiku wa manane likaingia tangazo la sabuni kwa kelele, nyumba nzima ikaamka. Tufanyeje?*
Baba Aliyechoka, Maweni

Ndugu, feni mmeipa kazi mbili, upepo na sauti. Zitenganisheni. Feni ibaki ya upepo, isielekezwe moja kwa moja kwa mtoto na waya wake usifike kitandani. Mvumo utoke kwenye kitu chenye betri yake. Stima ikikatika joto litaongezeka kidogo kidogo, lakini sauti haitakatika ghafla, na ule mkato wa ghafla ndio uliokuwa ukimwamsha.

Kuhusu video: bando linaisha, matangazo yanaingia, mtandao unakwama. Pakueni sauti ikae kwenye simu. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 58 kwa saa, yaani karibu 460 kwa saa nane. Mkitafuta lililobanwa sana ili kuokoa nafasi, mvumo huanza kuzungukazunguka kama maji kwenye karai.

Wengine huchukua faili fupi la dakika moja na kuliweka lijirudie. Hapo kuna mtego: MP3 huongezwa ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo kila dakika patakuwa na kwikwi. Sikio la mtu mzima huizoea, la mtoto aliye kwenye usingizi mwepesi huenda lisiizoee. Tumieni WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ambalo dakika moja ya sauti ya spika moja (mono) ni megabaiti 5 tu, au programu inayozalisha mvumo yenyewe badala ya kucheza rekodi.

Kisha wekeni simu katika hali ya ndege, na katika mipangilio ya betri iruhusuni programu hiyo iendelee skrini ikizima. Simu nyingi huiua programu baada ya muda ili kuokoa chaji, na watu hulaumu faili. Simu isichajiwe chini ya godoro au ndani ya nguo, hupata moto.

Spika ndogo ya kadi ya kumbukumbu ni nzuri kuliko simu kwa sababu moja zaidi. Spika ya simu haitoi sauti nene, kwa hiyo mvumo wake ni kama samaki anayekaangwa, mwembamba na mkali. Spika kubwa kidogo hutoa ule uzito wa upepo wa kusi. Kama mnabaki na simu, chagueni mvumo uitwao wa waridi au wa kahawia, uliopunguzwa sauti nyembamba. Kabla ya kununua spika, iacheni dukani iishe chaji kama muuzaji atakubali: nyingi za bei rahisi hutangaza kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, kwamba betri imekwisha.

*Je, redio iliyo katikati ya stesheni inafaa?*
Msomaji, Shela

Kwa usiku mmoja wa dharura. Redio nyingi mpya hujinyamazisha pasipo stesheni, na za zamani huweza kudaka matangazo ya mbali usiku. AM hupasuka kila radi inapopiga.

*Mavyaa wangu anasema sauti hiyo itamharibu mtoto masikio, na kwamba akizoea hatalala bila hiyo mpaka aolewe. Ni kweli?*
Mke wa Mwanawe, Mkomani

Bi, kwa la masikio mavyaa ana hoja. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walipima mashine 14 za kulaza watoto zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Zote zilivuka desibeli 50 kwa umbali wa mita 1, na tatu zilivuka 85 kwa sentimita 30, kiwango ambacho mfanyakazi wa kiwandani hupaswa kulindwa nacho. Mvumo ukiwekwa mbali na kwa sauti ya upole, hofu hiyo inapungua sana. Mchana uzimeni, ili mtoto asikie watu wakiongea. Lugha huingia hivyo.

La mazoea linatibika. Shusheni nguvu daraja moja kila baada ya usiku mbili au tatu. Wiki mbili hivi mtakuwa mmemaliza. Akiugua katikati, simamisheni, muendelee akipona.

*Wangu ana miezi minne na wala hahitaji mvumo. Mlango ukibamizwa, hashtuki. Punda akilia, analala tu. Nimshukuru Mungu?*
Mama Mtulivu, Malindi

Mama, mpime masikio kwanza. Akiwa macho na ametulia, simama nyuma yake asikuone, umwite, kisha ugonge kijiko kwenye kikombe. Usipige makofi karibu na uso, maana atauhisi upepo. Kwa miezi minne angepaswa kunyamaza, kupanua macho au kuanza kugeuka. Hata akionekana kuitika, nenda hospitali, kwa kuwa jaribio la nyumbani halioni upungufu wa sikio moja. Lengo la kimataifa ni tatizo lijulikane kabla ya miezi mitatu na msaada uanze kabla ya sita, kwa hiyo nenda wiki hii. Chukua kitabu cha kliniki, uombe rufaa ya masikio, na umwambie daktari kama alizaliwa kabla ya wakati, alipata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, alilazwa chumba cha wachanga mahututi, au alidungwa sindano za gentamicin, dawa ya kuua bakteria.