Mimba changa na chakula: maswali yenu ya wiki hii

Mimba ya wiki nane imenitoka mwezi uliopita, mama mkwe anasema ni mananasi niliyokula na mume wangu naye ameanza kuamini. Ni kweli? (Igoma)

Pole sana mdogo wangu, na hili jibu naomba umsomee mumeo. Sio nanasi. Mimba zinazotoka miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu yake kromosomu (zile nyuzi zinazobeba vinasaba) hazikukaa sawa toka yai na mbegu vinakutana, yani hata ungekula nini, hata ungeshinda kitandani, ingetoka tu. Na inatokea sana, kwenye kila mimba kumi zinazojulikana walau moja inatoka, ila kwa vile watu wanaficha kila mmoja anajiona yuko peke yake. Papai bichi lenye utomvu ndio uache, lililoiva kula bila hofu. Chakula kina nafasi yake na nitaieleza, lakini hakuna mtu mwenye haki ya kukaa nyumbani kwako akuhesabie matonge uliyokula wakati bado unalia.

Sasa kama sio chakula mbona mnatuhimiza tule vizuri? (Nyegezi)

Kwasababu ile nusu nyingine ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 2023 walikusanya tafiti 20 zenye wanawake 63,838 wakaona wanaokula matunda, mboga, samaki, mayai, maziwa na nafaka kwa wingi, mimba zao zinatoka kidogo kuliko za wasiokula hivyo. Haithibitishi kwamba tunda ndio lililozuia, ila angalia hiyo orodha, vingi viko hapahapa Ziwa Victoria kwetu. Kinachoniuma ni mama anaanika dagaa pale soko la samaki la Mwaloni kutwa nzima, jioni anapika, anapakua baba, wanapakuliwa watoto, yeye anabaki na ugali na mchuzi uliobaki chini ya sufuria, na ana mimba. Apakuliwe yeye kwanza jamani! Dagaa wanaliwa na kichwa na mifupa kwahiyo unapata kalisiamu, madini ya chuma na vitamini B12 kwa pamoja, waoshe tu vizuri mchanga utoke. Sangara chukua wadogo, wale wakubwa wamekula samaki wenzao miaka mingi na zebaki inajikusanya mwilini mwao. Na mayai kula dada, habari ya mtoto kuzaliwa bila nywele haina ukweli.

Foliki asidi nianze lini? Niko wiki ya kumi, kliniki bado. (Buswelu)

Anza leo, nenda kliniki kesho asubuhi. Ilitakiwa uanze kabla ya kushika mimba, maana mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga kama siku ya 28 toka mimba itungwe, na wengi wakati huo hata hawajajua kama wamechelewa siku zao. Dozi ni mikrogramu 400 kwa siku, na ile FEFO ya kliniki ina foliki pamoja na madini ya chuma. Niseme ukweli lakini, vidonge hivi havijathibitishwa kuzuia mimba kutoka, kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto na mgongo wazi na wewe na upungufu wa damu. Usimeze na chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini, meza na maji au juisi ya chungwa. Na mboga za kukausha kama nsansa ni tamu ila foliki nyingi inapotelea juani, kwahiyo pika pia mchicha au majani ya kunde mabichi, usiyachemshe mpaka yageuke rangi.

Siwezi kupita siku bila pemba. Itatoa mimba? (Geita)

Vile vijiti vya udongo vinavyopangwa kwenye sinia sokoni, najua hamu yake inavyokamata na sikusemi vibaya, mara nyingi anayevitamani damu yake iko chini. Shida ni kwamba udongo unashika chuma tumboni kwahiyo damu inazidi kushuka, na utafiti uliochapishwa 2014 kuhusu wajawazito wa hukohuko Geita ulikuta sumu ya aseniki kwenye pemba. Kapime wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita utatibiwa. Hamu ikija tafuna karanga au ubuyu.

Mke wangu anapenda maziwa yaliyotoka kukamuliwa, tunafuga wenyewe. Kuna shida? (Misungwi)

Ipo kaka, na hii ndio naona watu wanaidharau kuliko zote. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe atupe mimba, na kwa binadamu pia unatoa mimba. Yachemke hasa, na ya kugandisha nayo yachemshwe kwanza ndio yagandishwe. Ng'ombe akitupa ndama mkeo asiguse kabisa, mwite bwana mifugo.

Kahawa na bia je? (Kirumba)

Kahawa kikombe kimoja, chai usizidishe. Bia hapana, gongo hapana.

Zimeshatoka tatu mfululizo, nakula vizuri, nimechoka. (Ukerewe)

Dada yangu, tatu mfululizo hazitafutiwi jibu jikoni wala kwa mganga. Na dawa za kienyeji za kusafisha kizazi acha, zipo zinazobana mfuko wa uzazi. Vuka uje Mwanza hospitali ya Sekou Toure au Bugando, uje na mumeo, waambie zote tatu zilitoka wiki ya ngapi. Watapima sukari, tezi ya shingo, kaswende, magonjwa ya damu kuganda, wataangalia na mfuko wa uzazi, na mwambie daktari aangalie group la damu kama ni negativu. Ukishika tena usisubiri boti ya kesho kama unatokwa damu nyingi, una maumivu makali upande mmoja au unazimia, inaweza kuwa mimba nje ya kizazi, kimbilia hospitali ya Nansio saa hiyohiyo.