Maswali ya Wasomaji: Wavu Uliopoteza Majina Njiani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi hapa Nairobi, na mradi wangu unahusu bomba la zege linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Nimelichora kwa milimita (kipenyo 1200, urefu 20000) katika Gmsh, programu inayoligawa umbo katika vipande vidogo viitwavyo seli, ambavyo kwa pamoja huitwa wavu. Nilipougeuza wavu kwa amri ya gmshToFoam ili niutumie katika OpenFOAM, programu inayokokotoa mwendo wa maji, ukuta, mahali pa kuingilia maji na pa kutokea, vyote viliwekwa katika mpaka mmoja uitwao defaultFaces. Rafiki yangu alinishauri niyape majina maeneo hayo matatu. Nikafanya hivyo, lakini sasa faili haina seli hata moja. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Kasarani.

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri wa rafiki yako ulikuwa sahihi, ila uliishia katikati. Ili uelewe kilichotokea, yafaa ujue kwamba programu hizi mbili hazihifadhi wavu kwa namna moja. Gmsh huorodhesha nukta, kisha hutaja kila seli kwa nukta zinazoiunda. OpenFOAM, kwa upande wake, huorodhesha nyuso, na kwa kila uso huandika seli inayoumiliki na, ikiwa uso huo uko ndani ya wavu, seli jirani iliyo upande wa pili. Kwa hiyo gmshToFoam hulazimika kuziunda nyuso upya: uso unaoshirikiwa na seli mbili huhesabiwa kuwa wa ndani, na uso wenye seli moja tu huhesabiwa kuwa wa mpakani. Lakini uso huo wa mpakani ni ukuta au ni mlango wa maji? Kigeuzi hakina njia ya kujua isipokuwa kikute katika faili pembetatu ileile ikiwa imewekwa katika kundi lenye jina. Kisipoikuta, huutupa uso huo katika defaultFaces, na ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ulikutana na kanuni nyingine ya Gmsh. Ukishaunda kundi lolote la aina inayoitwa Physical, Gmsh huhifadhi tu vile vilivyomo katika makundi ya aina hiyo. Wewe uliyapa majina maeneo ya mpakani ukauacha mwili wa maji wenyewe, ndiyo maana seli zote zilibaki nje ya faili. Ongeza kundi moja la Physical Volume, yaani la mwili wa maji, kisha uhifadhi faili kwa muundo wa toleo la 2.2, ambao gmshToFoam huusoma bila tatizo.

Baada ya hapo fungua faili ya boundary iliyo katika folda ya constant/polyMesh. Utaona kwamba hata ukuta umeandikwa kuwa wa aina ya patch (mpaka wa kawaida), nawe sharti uubadilishe uwe wall. Usiidharau hatua hii. Ikiwa umeweka kanuni za ukutani za msukosuko (fomula zinazokadiria mwendo wa maji yenye msukosuko karibu na ukuta), programu itasimama na kukataa. Usipokuwa umeziweka, huenda ikaendelea kimya, na modeli inayohitaji umbali wa kila seli kutoka ukutani isiuhesabu ukuta wako kabisa.

Hukuuliza kuhusu vipimo, lakini hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Gmsh haijui milimita wala mita. Huandika namba tupu, na OpenFOAM huzisoma kuwa mita. Bomba lako sasa lina kipenyo cha mita 1200 na urefu wa kilomita 20. Maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde, ambayo yangelipita kwa sekunde 10, yatahitaji karibu saa tatu, na namba ya Reynolds (inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu au wa msukosuko) itapanda kutoka takriban milioni 2.4 hadi bilioni 2.4. Hakuna onyo litakalotokea, kwa sababu kihesabu hakuna kosa. Tumia amri ya transformPoints kwa kizidisho cha 0.001 katika pande zote tatu, mara moja tu, kwani amri hiyo huandika juu ya nukta za awali na ukiirudia utabaki na bomba la milimita 1.2. Kisha endesha checkMesh, amri inayokagua wavu, na kabla ya kutazama ubora wa seli, soma vipimo vya sanduku linaloufunika wavu wote: pawe na 1.2 na 20.

SWALI: Je, ninaweza kuurudisha wavu wa OpenFOAM katika Fluent, programu nyingine ya kukokotoa mwendo wa maji, ambayo mhadhiri wangu huitumia? – Msomaji, Lang'ata.

JIBU: Ndiyo. Amri ya foamMeshToFluent huandika faili ya msh katika folda ya fluentInterface. Inayovuka ni wavu na mipaka yake tu. Kasi ya maji mlangoni, mnato na modeli ya msukosuko itabidi myaweke upya ndani ya Fluent, kwa hiyo mpelekee mhadhiri thamani hizo zikiwa zimeandikwa pamoja na faili.