Mafuta wanayo, jua la nini?

SWALI: Nafundisha jiografia Chake Chake. Shemeji yangu aliyeko Maskati amelalamika kuwa bili yake ya umeme ya Julai haishikiki, na huku Oman inatandaza paneli za sola jangwani. Wanafunzi wangu wameniuliza: nchi ina visima vya mafuta, jua la nini? Na shemeji afanyeje?
Mwalimu S., Pemba

JIBU: Mwalimu, waambie wanafunzi kwamba watu wa Ghuba hawachimbi mafuta na gesi kwa ajili ya kuuza tu. Wanavitumia kuishi. Maji mengi ya bomba Maskati ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwenye mitambo kama ya Ghubrah na Barka. Mitambo hiyo inakula umeme mwingi, na umeme wenyewe kwa sehemu kubwa unatoka kwenye gesi.

Halafu kuna joto. Miaka niliyokuwa fundi wa viyoyozi Maskati nimeingia nyumba nyingi wakati wa kiangazi. Tangi liko juu ya paa, jua linalipiga kutwa. Fungua bomba la maji baridi saa nane mchana, yanakuunguza mkono. Wenyeji huzima hita ya bafuni, kwa kuwa maji yaliyotulia ndani ya hita ndiyo yanayoogeka. Nyumba kama hiyo, yenye paa tupu la zege, haikaliki bila AC, na mji mzima unaziwasha kwa pamoja.

Kuwait imeonja hayo. Mafuta inayo tele, lakini gesi yake haitoshi, na tangu 2009 inaagiza gesi ya kimiminika kutoka nje ili kuzalisha umeme. Juni 2024 joto lilipozidi, serikali ikatangaza kukata umeme kwa muda katika baadhi ya maeneo. Wanafunzi wako waanzie hapo.

Oman inasafirisha gesi ya kimiminika tangu 2000, kutoka Qalhat karibu na Sur. Gesi isiyochomwa nyumbani inabaki ya kuuza, au ya kuweka akiba. Ndiyo maana ya ule mtambo wa jua wa Ibri, megawati 500, uliozinduliwa Januari 2022. Naunga mkono kazi ile kwa moyo wote, ila jua peke yake halitaponya mazoea ya kutumia bila kipimo. Saudia ililima ngano jangwani kwa maji ya chini ya ardhi, maji ya kale ambayo mvua hairudishi, hata ikawa inauza ngano nje. Mwaka 2008 ikaamua kupunguza hatua kwa hatua ngano inayonunua kwa wakulima wake, mpaka 2016 ikaacha. Maji yaliyokwisha kutumika hayo, wajukuu wao hawatayaona, na hilo linaniuma.

Na kipimo wanakijua, tangu enzi. Nenda Birkat al Mouz uione falaj, yaani mfereji wa kale wa maji, ya Al-Khatmeen, mojawapo ya zile 5 za Oman zilizoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanateremka yenyewe kwa mwinamo wa ardhi, hakuna pampu. Kwenye falaj watu hugawana maji kwa muda: zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Zamu yako ikiisha, unamwachia jirani.

Shemeji sasa. Kuanzia Januari 2021 Oman ilianza kupunguza ruzuku ya umeme na maji, kwa hiyo asitegemee bili za zamani. Aoshe mashine ya nje ya AC, vumbi la kule huziba kabisa mapezi yake, yale mabati membamba ya kutoa joto. Aitilie kivuli bila kuizuia kupumua. Azibe upenyo wa chini ya milango. Aweke nyuzi 24, aachane na 18. Akiwa na fedha, aanze na paa: apake rangi nyeupe ya kurudisha jua, au aweke tabaka la kuzuia joto. Na fundi akimshawishi anunue AC kubwa zaidi kabla ya hayo, amkatalie.